Serikali Haionji Asali

Naikumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, vumbi la Kasulu likiwa limesimama hewani kama lenyewe nalo limeajiriwa, na mimi nikiwa nadeki korido ya hospitali. Nikasikia naitwa kutoka ofisini kwa sauti ambayo sikuizoea.

"Bukuru. Weka hiyo ndoo, njoo hapa."

Aliyeniita ni Mzee Mbwana, msimamizi wa utawala, mtu wa Tanga aliyeletwa kwetu milimani kwa uhamisho. Alikuja na koti moja jembamba, baridi ya wiki ya kwanza ikamfundisha kununua la pili. Alikuwa mpole kupita kiasi. Kwa miaka yote niliyomfahamu, nadhani hata bubu alipaza sauti mara nyingi kuliko yeye. Kwa hiyo nilipoingia nikamkuta amevua miwani na kuiweka mezani, nilijua kuna jambo.

Hospitali yenyewe tuiache bila jina. Ilikuwa ya serikali, na mimi nilikuwa mhudumu wa wodi: mchana nadeki na kutandika vitanda, jioni nasoma shule ya watu wazima. Masomo yalikuwa yamenikolea. Mito ya Ulaya niliijua yote, na mingine nadhani niliiongeza mwenyewe. Cheti nilikuja kukipata, nimekitundika sebuleni kwenye fremu kubwa kuliko dirisha, na mgeni asiyekitazama hapewi chai. Lakini siku ile cheti kilikuwa bado, na akili nayo ilikuwa bado, kama utakavyoona.

"Pacha wako yuko wapi?" Mzee Mbwana aliuliza.

Pacha wangu ni Butoyi, yeye wa kiume, mimi wa kike. Kwetu pacha anayetangulia anaitwa Bukuru, anayefuata Butoyi, na hata ubatizwe jina la malaika, hilo la upacha halikutoki. Butoyi alikuwa dereva wa gari la wagonjwa pale pale hospitalini. Gari lile lilikuwa na kelele kiasi kwamba likitoka Muyama, sisi Kasulu tulianza kuandaa kitanda.

"Butoyi yuko Makere, mzee," nikamjibu. "Kambini kwa wakimbizi. Ameshaanza kazi ya shirika."

"Ameanza kazi ya shirika kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa ruhusa yako. Si alikuja kukuaga?"

"Aliniaga lini mimi?"

"Siku ile alipokuletea asali."

Mzee Mbwana alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Hapa lazima nisimame nikueleze, mwanangu, maana wewe umekulia mjini na mambo haya huenda umeyasikia nusu nusu. Kwetu Uha, mtu aliyefanya kazi chini ya mkubwa fulani haondoki kimya kimya. Anampelekea pombe ya ndizi. Akifika hasemi moja kwa moja kwamba naondoka, hiyo ni kukosa adabu. Anakaa, anashukuru, anasifia alivyolelewa. Mkubwa akipokea na kuonja mbele yake, basi, ruhusa imetoka, wameachana kwa amani na hakuna mtu atakayeuliza tena. Tunaita gusezera. Baba yetu aliachana hivyo na mwenye shamba aliyekuwa akimlimia Nyakitonto, na babu yetu hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kudaiwa neno.

Sasa Mzee Mbwana alikuwa Mwislamu wa kuswali swala zote, pombe hangeigusa. Butoyi akafikiri sana, akampelekea asali ya misitu ya Kibondo, ile nyeusi, nzito, ambayo ukiichota leo inadondoka kesho. Akakaa ofisini, akashukuru, akasifu. Mzee Mbwana akachovya kidole, akaonja, akamwombea dua. Butoyi akatoka pale mtu huru. Kesho yake akapanda gari la shirika akaenda zake.

Nilipomaliza kumweleza hayo, mzee alianza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia.

"Mimi nilidhani kijana ananishukuru kwa yale matairi ya gari niliyomhangaikia," akasema. "Nikamwambia mke wangu, huyu ana shukrani, wengine hawana." Halafu kicheko kikamwisha ghafla. "Bukuru, mwanangu. Mimi nimeonja. Serikali haikuonja. Serikali haionji asali."

Nikakaa bila kukaribishwa.

Unajua, miaka ile ya tisini wilaya zetu zilibadilika kwa muda mfupi mno. Watu walimiminika kutoka Burundi wakikimbia vita, na wengine kutoka upande wa Kongo, kambi zikatandazwa Kasulu na Kibondo kote, turubai juu ya turubai. Nyuma yao yakaja mashirika na magari yao meupe. Mashirika yalihitaji wauguzi, madereva, watunza stoo, wakalimani, na yalilipa vizuri. Nikisema vizuri, nina maana kwamba dereva wa shirika alikula nyama katikati ya wiki bila sababu yoyote. Watumishi wa serikali wakaanza kupungua kama chumvi kwenye maji. Leo hayupo huyu, kesho hayupo yule. Wengi hawakuandika chochote. Waliingia mitini tu, na sisi tuliobaki tuliwaona wajanja.

"Sikiliza," Mzee Mbwana akasema. "Jumatatu taarifa ya wasioonekana kazini inakwenda wilayani. Nimeshaichelewesha kwa sababu nilidhani kijana anaumwa. Siwezi kuichelewesha tena, na siwezi kuandika uongo. Asipokuwa amesimama hapa mwenyewe Jumatatu asubuhi, ataandikwa mtoro. Mtoro anafukuzwa. Na aliyefukuzwa hana pensheni."

"Lakini mzee," nikasema, na hapa ndipo utaona ule usomi wangu, "pensheni si wanapewa wazee wote wa serikali? Si unazeeka tu?"

Hakupiga meza. Afadhali angepiga. Alivaa miwani yake taratibu, akanitazama.

"Mwanangu, kila siku nakuona unapita hapa na madaftari. Juzi umenisimulia habari za mto unaopita Ujerumani, nami nikafurahi. Je, kazi yako mwenyewe uko kwenye masharti gani?"

Sikujua, mwanangu. Sikujua kabisa. Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka na miaka, na sikujua hata kwamba kuna kitu kinaitwa masharti.

Akanifundisha palepale, bila haraka, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Aliniambia hivi. Kuna mtumishi aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni, na kuna aliyeajiriwa kwa masharti ya kawaida, na hawa wawili wanaweza kubeba machela moja, mmoja huku mwingine kule, lakini uzeeni hawatafika mlango mmoja. Wa masharti ya kudumu anaanza kwa majaribio, kisha anathibitishwa kazini. Asiyethibitishwa anajidanganya. Akishathibitishwa, utumishi wake unahesabiwa, na usikatike katikati. Akitimiza miaka inayotakiwa na akafikia umri wa kustaafu, anapata kwa namna mbili: mkupuo mmoja, ndicho kiinua mgongo, halafu pensheni ya kila mwezi mpaka Mungu amchukue. Akifa akiwa kazini, kuna malipo yanayokwenda kwa warithi wake. Lakini akiacha kazi mwenyewe kabla ya wakati, au akifukuzwa, miaka yote ile inabaki hadithi ya kusimulia.

"Butoyi alifaulu mtihani wake wa udereva wa serikali," akasema, "akaingizwa kwenye masharti ya kudumu, akathibitishwa. Mimi mwenyewe nilihangaikia. Amebakiza muda mfupi tu atimize miaka inayotakiwa. Muda mfupi, Bukuru. Na anaitupa."

"Hatukatwi kitu kwenye mshahara," nikasema. "Ndiyo maana tunaona ni kama zawadi."

"Ndipo mnapokosea wote. Kwa kuwa hamkatwi, mnadhani hamtoi. Mnatoa miaka. Ipi ghali zaidi?"

Nikauliza kama Butoyi hangeweza kubaki shirika na haki zake zikabaki pia. Akasema ipo njia: kuomba likizo bila malipo kwa maandishi, kusubiri jibu, na kuondoka baada ya jibu, si kabla. Hata hivyo, ile miezi ya likizo haiongezi kitu kwenye utumishi. Na jibu linaweza kuwa hapana.

"Na mimi, mzee? Mimi niko masharti gani?"

"Ya kawaida," akasema. "Na usipouliza utabaki hapo. Lakini lako tutalizungumza. Kwanza kamlete mwenzako."

Nilitoka pale nimekasirika, na sijui nilimkasirikia nani. Nikapita kwanza nyumbani kwa Butoyi kumwona mkewe, Perpetua, kwa sababu kumrudisha mwanamume bila mkewe kujua ni kujitafutia vita vya miaka saba. Nilimkuta anachambua maharage, mtoto mgongoni, mwingine anamvuta kitenge. Nikamweleza yote niliyoyaelewa, na machache niliyokuwa bado sijayaelewa.

Akaendelea kuchambua.

"Wifi," akasema, "wewe unazungumzia siku meno yatakapotutoka. Mimi nazungumzia hawa, ambao yao ndiyo kwanza yanaota. Shirika linalipa. Serikali inalipa ikikumbuka. Mwache."

"Na shirika likiondoka?"

"Hata serikali imeondoka, ila haijatuambia."

Nikavuta konzi ya maharage, nami nikaanza kuchambua. Perpetua alisema kweli. Mshahara ulichelewa. Mtoto wake mkubwa alikuwa amevaa shati moja mpaka likawa ramani. Usije ukamcheka mtu anayeangalia chakula cha leo, mwanangu, wala usimwite mjinga. Nilimwambia tu, "Wifi, nitakwenda nimweleze. Aamue yeye, lakini aamue akiwa anajua anachokitupa. Sasa hivi hajui."

Akatoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa. "Mpelekee na sweta lake," akasema. "Makere kuna baridi jioni." Nikajua angalau sikufukuzwa.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Basi halikuwepo, nikapata lori lililokuwa likipeleka maharage kambini. Nilipanda juu ya magunia pamoja na kuku kadhaa ambao naapa walikuwa na nafasi kubwa kuliko yangu. Barabara ya Makere miaka ile ilikuwa mashimo yaliyoungwa na mashimo mengine. Nilimeza vumbi la kutosha kusimamisha nyumba ya vyumba viwili. Lakini nilikuwa nimeazimia. Ungenishusha kwenye lile lori ningekwenda kwa miguu, na ungenivunja mguu ningekwenda kwa huo uliobaki.

Nilimkuta Butoyi mbele ya ghala la kambi, amevaa ovaroli mpya ya bluu, anafuta kioo cha gari jeupe kwa upole ambao hakuwahi kuwafanyia watoto wake. Aliponiona akacheka.

"Bukuru. Umetumwa na nani?"

"Nimejituma. Jumatatu unatakiwa kazini."

"Kazini ndiyo hapa."

"Kazini kwako, Kasulu. Unaandikwa mtoro."

"Mtoro mimi? Niliaga. Mzee alionja asali mbele yangu, akaniombea dua hadi nikaona haya."

"Alidhani unamshukuru kwa matairi."

Hapo aliacha kufuta. Nikamweleza. Nilimweleza masharti ya kudumu, kuthibitishwa, utumishi usiokatika, kiinua mgongo, kila kitu kama nilivyofundishwa, na pale nilipokwama nilipaza sauti.

"Shule ya jioni imekuharibu," akasema. "Unaongea kama redio. Pensheni, pensheni. Wewe unamjua nani anayekula pensheni? Mimi nitakufa kabla. Madereva hatuzeeki."

"Ukifa kuna cha Perpetua na watoto. Lakini si ukifa mtoro."

"Usinitabirie kifo juu ya gari la watu. Kesho asubuhi naongoza msafara wa kwenda Kibondo, nitakaa kule wiki tatu. Nimeshaahidi. Nikirudi tutazungumza."

Wiki tatu. Nikaona hapo ndipo kila kitu kinakatika. Nilikuwa nimetoka na maneno yote ya Mzee Mbwana, na yote yalikuwa yamegonga ile ovaroli yakaanguka chini.

Pembeni yetu alikuwa amesimama mzee mmoja mwembamba, mkimbizi kutoka Burundi, aliyekuwa akisaidia pale ghalani kuwaita watu zamu zao. Walimwita Mwalimu Melkiori. Alikuwa amesikia yote, maana Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu, na sisi tulipogombana tulitupia Kiha kila tuliposahau Kiswahili. Akasogea.

"Samahani, mama. Samahani, shoferi," akasema kwa Kiswahili chake cha kule. "Miye nilikuwa mwalimu wa Leta." Leta ni serikali, kwa Kirundi. "Nilifundisha toka kijana mpaka nywele hizi. Pansiyo yangu ilibaki karibu kabisa. Nilikuwa naisema kwa mke wangu kila jioni, tutanunua mbuzi, tutaezeka upya."

Butoyi akakunja kitambaa chake.

"Basi walikuja na silaha. Nilitoka na watoto na sufuria moja. Ofisi iliyonijua iliungua. Mkubwa aliyenijua wamemuua. Sasa niende kwa nani niseme kwamba nilifundisha? Hata wewe ukiniambia mimi mwongo, sina cha kukuonyesha." Alisema hivyo bila machozi, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Nimesikia dada yako. Nataka kukuuliza kitu kimoja, usikasirike. Miye nilikimbia risasi. Wewe unakimbia nini?"

Nilimwangalia pacha wangu. Tumekaa tumbo moja, nasoma uso wake kuliko ninavyosoma daftari. Alitaka kujibu mzaha. Niliuona mzaha ukipanda mpaka kwenye meno, ukarudi. Akainama akakagua tairi ambalo halikuwa na shida yoyote. Alilikagua kwa muda mrefu sana.

"Mwalimu," akasema hatimaye, bado ameinama, "kule kwenu pansiyo ilikuwa inatosha?"

"Haikutosha," Mwalimu Melkiori akasema. "Lakini nisingesimama kwenye mstari wa unga."

Butoyi akainuka. Hakusema nimekuelewa wala asante. Aliniuliza lile lori la maharage linarudi saa ngapi.

Halafu, mwanangu, yakaanza mapya. Akasema hawezi kuondoka pale bila kumuaga mkubwa wa shirika, ni aibu, na mikono yake mitupu. Nikamwambia, "Butoyi, leo huagi kwa kitu chochote cha kula wala kunywa. Nenda kaseme kwa mdomo, useme wazi, kisha uandike." Akaenda. Mkubwa wa shirika alikasirika, na alikuwa na haki, maana msafara wa kesho ulibaki bila dereva wa mbele. Butoyi akakubali kulaumiwa, akavua ovaroli, akaikunja vizuri akaikabidhi. Tulirudi Kasulu juu ya lori tupu, yeye amevaa sweta alilotumiwa na Perpetua, hanisemeshi. Alinichukia njia nzima. Mimi nilikuwa radhi kuchukiwa hadi Kigoma mjini na kurudi.

Jumatatu Mzee Mbwana alimkuta amesimama mlangoni. Hakumpokea kwa tabasamu.

"Umekuja kuaga au umekuja kazini?"

"Kazini, mzee."

"Ingia ukaandike kwa mkono wako ulikuwa wapi na kwa nini. Usiandike habari za asali, watanicheka wilayani."

Alipewa onyo la maandishi na siku zile hakulipwa. Taarifa ilikwenda ikiwa na ukweli wote: aliondoka, akarudi, ameonywa. Utumishi wake haukukatika. Baadaye aliomba likizo bila malipo kama alivyoelekezwa, na jibu lilipokuja lilikuwa hapana, kwa kuwa hospitali haikuwa na dereva mwingine. Akalitukana jibu jioni nzima, asubuhi akawasha gari. Perpetua alininunia mpaka mvua za masika zikapita. Nilikuwa nakwenda kwake, ananikaribisha kiti, ananiwekea chai, haongei. Nikawa nakunywa chai naongea mwenyewe, kazi ambayo, kama unavyonijua, hainichoshi.

Na mimi? Sikungoja. Nilimfuata Mzee Mbwana kila wiki mpaka ikawa akisikia hatua zangu anaanza kutafuta mlango wa pili, na ofisi ile haikuwa nao. Nilipomaliza shule nikapeleka cheti, nikaomba kubadilishiwa masharti. Nikaambiwa ningoje. Nikangoja nikiuliza. Ilichukua muda mrefu, lakini niliingizwa kwenye masharti ya kudumu, na siku nilipothibitishwa nilitembea Kasulu nzima kama bibi harusi.

Kambi zikaja zikapungua, kama Perpetua mwenyewe alivyokuja kuona. Mashirika yakafunga maghala, magari meupe yakaondoka. Waliokuwa wameacha kazi kwa utaratibu, wakijua wanachokiacha, wengine walifanikiwa kweli. Wapo wenye nyumba na maduka leo, sitawasema vibaya. Ninaowahurumia ni wale walioingia mitini. Nilikuwa na rafiki, muuguzi mwenye mikono mizuri kuliko wote niliowahi kuwaona, alirudi kuulizia kazi yake ya zamani. Akaambiwa ameshafutwa siku nyingi. Miaka aliyokesha na wagonjwa wa watu haikuwa na mahali pa kuandikwa. Sitamtaja. Tunakutana sokoni, tunacheka, na kila tukiachana mimi naumia.

Butoyi amestaafu. Sheria zilibadilika kabla hajafika umri wa kustaafu, watu wakaanza kukatwa kwenye mshahara, mifuko ya pensheni ikaundwa, lakini miaka yake ya nyuma ilihesabiwa kwa sababu ilikuwepo. Anapata pensheni yake kila mwezi na kila mwezi analalamika kwamba ni ndogo. Ni ndogo kweli, sitakudanganya, hata mimi ninayezidisha kila kitu siwezi kuizidisha hiyo. Ila mwaka jana aliumwa, na Perpetua ndiye aliyekwenda kuzishughulikia dawa. Aliporudi akapita kwangu. Alikaa, akasema, "Wifi, sikumpigia simu mtoto yeyote kuomba pesa." Nikainuka kumwekea chai.

Sasa wewe, mwanangu, uliyeajiriwa juzi na kujiona huna habari na uzee. Soma masharti yako ya kazi leo, usingoje kuitwa ofisini. Jua kama umethibitishwa, na kama hujathibitishwa, uliza, na ukiambiwa ngoja, ngoja ukiuliza. Barua zako za kazi zitunze mahali ambapo mwenzako anapajua. Siku hizi mnakatwa, basi fuatilia kama kilichokatwa kimefika kwenye mfuko. Andikisha wanaokutegemea, na wakibadilika, badilisha, kwa sababu kifo hakiulizi kama umesahihisha. Sheria za sasa si zile alizonifundisha Mzee Mbwana, kwa hiyo usinichukue mimi kuwa sheria. Nenda kwa wanaohusika uulize mpaka wakuchoke. Na ikija kazi nyingine yenye kung'aa, sikukatazi kwenda, lakini ondoka kwa maandishi, baada ya jibu, ukijua kwa hakika unachoacha nyuma. Heshima za kwetu zipeleke kwa watu, wanastahili. Kwa serikali peleka karatasi.

Mungu akupe nguvu za kufanya kazi na akili ya kuuliza. Akufikishe mwisho wa utumishi wako ukiwa mzima, jina lako liitwe na uitike mwenyewe, na siku utakapokaa nyumbani ukae kwa jasho lako, pasiwepo mtu wa kukuuliza ulikuwa wapi.